Pampu ya Kikosi

Jumatatu, 3 Machi

Bosi kanitwisha mzigo. Kikosi cha kupima miti kinaingia msituni Jumamosi, wiki tatu, na wa kuchagua kichujio cha maji ni mimi. Mimi, karani, ambaye sijawahi kulala kwenye hema hata siku moja. Kwa nini mimi? Safari iliyopita walikunywa maji ya kijito vivi hivi. Mpishi wa kambi akarudi kwenye machela, akalala hospitali siku kumi na moja. Bosi anasema kanichagua kwa sababu ni mwangalifu. Nadhani kanichagua ili sahihi iliyo chini ya fomu isiwe yake.

Na kiongozi wa kikosi safari hii ni dada. Dada yangu wa tumbo moja.

Jumanne, 4 Machi

Muuzaji kaleta vichujio vitatu, kavipanga kwenye meza ya stoo. Cha kwanza ni mfuko laini: unajaza maji, unaminya, yanapita kwenye nyuzi nyembamba kama nywele. Cha pili ni taa ya betri. Unaitumbukiza kwenye chupa, mwanga unaua vijidudu. Cha tatu ni pampu ya mkono. Ndani yake kuna kitu cheupe cha kauri chenye umbo la mshumaa. Maji yanapenya kauri, uchafu unabaki nje.

Muuzaji anasema vyote ni bora. Vyote vitatu? Nikamwuliza, kwa mtoto wake angechagua kipi. Akasema mtoto wake hapendi mambo ya kambi. Kisha akachuja glasi moja mbele yetu, akainywa yote, akajipangusa mdomo. Ila sikuona yale maji aliyateka wapi.

Jumatano, 5 Machi

Leo jaribio. Maji ya mtaro nyuma ya karakana, rangi ya chai iliyolala.

Mfuko: lita mbili safi, ya tatu ukaziba. Fundi wa karakana, mtu wa miraba minne, akauminya mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Halikutoka tone. Taa: vijidudu vimekufa, labda, nani kawaona? Tope liko pale pale. Na betri ikiisha porini, utaichomeka kwenye mti? Pampu: maji maangavu kabisa. Lakini lita moja, dakika sita. Fundi kasema, "Kwa hiki, karani, ukianza kupampu asubuhi utakunywa jioni, tena uwe umeomba ruhusa."

Dada alipita. Akaniambia pembeni kwamba yeye anaitaka pampu; ya polepole, lakini ataiamini. Bosi anataka kitu cha haraka. Kesho anakuja kutazama mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Siielewi siku ya leo. Pampu ile ile, mtaro ule ule, mbele ya bosi: lita moja, dakika moja na nusu! Bosi kasema, "Karani, hizo dakika sita ulizitoa wapi? Au ulikuwa unahesabu na muda wa chai?" Wote wakacheka. Nikacheka nao. Nikatia sahihi.

Nimerudi nyumbani na sicheki. Kitu hakibadiliki usiku mmoja bila mkono wa mtu. Na mwenye funguo za stoo ni mmoja tu, mtunza stoo. Nilipomwuliza alisema, "Kimeshazoea maji, basi." Kimezoea! Kama ndama. Tena alisema akitazama dirishani. Kabadilisha pampu? Kachukua nzima, kaweka mbovu? Lakini namba iliyo chini yake ni ile ile, nimeilinganisha na ya kwenye fomu mara mbili. Basi kaiangusha, na ananyamaza.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemzunguka mtunza stoo siku nzima kama inzi. Mwishowe nikamwuliza wazi: Jumatano usiku, kuna mtu aliingia humu?

Akavua miwani. "Mwanangu, funguo hizi nimezishika kabla hujazaliwa. Unataka kunipekua? Nipekue." Akaigeuza mifuko ya suruali nje, mbele ya fundi. Leso moja na kamba ya kiatu. Fundi akajifanya anatafuta spana. Sikujua niweke wapi uso wangu. Na bado namshuku. Mtu asiye na kitu, ya nini kuonyesha mifuko?

Jioni dada alikuja kuchukua vifaa. Nikaanza: dada, ile pampu— Akanikatiza. "Usianze, mdogo wangu. Wewe hata kivuli chako unakidai kitambulisho." Akanigonga begani, akaenda kupakia. Ni kweli, ushahidi sina.

Jumamosi, 8 Machi

Wameondoka alfajiri. Saa tatu na nusu nilikuwa nakunja boksi tupu la pampu, karatasi ya maelezo ikadondoka. Nilikuwa nimesoma upande wa mbele tu, wenye picha. Mimi, mwangalifu! Upande wa nyuma, kwa herufi ndogo kama sisimizi: usiimwagie kauri maji ya moto, itapata ufa usioonekana kwa macho. Maji yakianza ghafla kupita kwa kasi, usinywe.

Jumatano, watu walipoondoka, niliyeosha vile vichujio ni mimi. Tope la mtaro lilinitia kinyaa. Nilitaka dada akute kitu safi. Nikachemsha birika la ofisi, nikaumwagia ule mshumaa maji yakiwa yanatokota. Mara mbili, kwa uhakika.

Mzee wa watu aligeuza mifuko yake kwa ajili yangu.

Msituni hawachemshi maji ya kunywa; wanajaza chupa kijitoni wakiwa mwendoni, ndiyo maana ya kubeba kichujio. Simu hazishiki huko. Kuna redio ya ofisi tu, mara moja kwa siku, saa nne. Naandika haya kwenye chumba cha redio. Bosi yuko mezani. Mtunza stoo kaketi kati yangu na meza, miwani puani, hasemi nami.

Saa nne. Sauti ya dada, inakwaruza. Wamefika kijito cha kwanza. Anasema pampu inatiririsha kama bomba, chupa zote zimejaa, hawajanywa, wanashusha mizigo kwanza. Mpishi, yule wa machela, kadai awe wa kwanza kuonja. Bosi kacheka, kaniambia hongera. Nimeomba niseme nao. Kasema ningoje amalizie habari za gari.

Nimeandika hapa pembeni nitakachosema:

Imegundulika kwamba kauri ina ufa.
Huenda uliingia ikiwa stoo.
Mwageni hayo, chemsheni mengine.

Nimeisoma tena. Mistari mitatu, na mimi simo hata katika mmoja.

Nimekata wa pili. Sijaandika kitu mahali pake. Bosi kageuka, ananinyooshea kipaza sauti: "Haya karani, kwa kifupi, betri inaisha." Mtunza stoo amevuta kiti chake nyuma ili nipite—