Mguu wa Kulia wa Suruali

Buguruni, Dar es Salaam

Dada yangu Yustina,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo juu yake. Kifua cha shemeji kimetulia? Na mgongo wako, bado mnagombana kila ukiinama shambani? Mimi ningependa kukujibu kwamba ni mzima, lakini wewe ndiye uliyenilea, sitaki kukudanganya. Soma taratibu, na mama mkubwa usimsomee.

Nilikwambia nimehamia chumba cha uani kwa Bi Mwanaidi. Aliyekaa humo kabla yangu ni fundi cherehani, marehemu Athumani, mtu ambaye hakuna aliyejua kwao ni wapi. Cherehani yake ilibaki, na karatasi yake ya kukatia suruali ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari. Bi Mwanaidi alinionya siku naingia. "Kitu cha marehemu usikiguse, mwanangu. Hitima yake haijasomwa." Nami kwa ujuaji wangu nikamjibu kwamba sisi Wakristo mambo hayo hayatuhusu.

Kazi ya gati unaijua. Ukibeba magunia kutwa, mkanda unakukata tumbo na vifungo vinaruka. Basi nikanunua kaki na mpira wa utepe dukani kwa Mhindi, nikaamua kujishonea suruali ya mpira kiunoni. Ungenicheka! Ya kwanza niliikata kwa kufuata karatasi ya marehemu, sikubadili kitu. Nyuma ilinibana nikichuchumaa, mbele ikajaa kama nimeficha kuku, na mguu wa kulia ulikuwa mfupi, kifundo chote nje. Nikasema kumbe marehemu alikuwa fundi wa kubahatisha.

Ya pili nikaitengeneza kwa akili yangu. Nyuma nikaongeza kina, mbele nikapunguza, miguu nikaikata sawasawa. Mpira nikaubana kwanza kwa pini, nikatembea, nikachuchumaa, nikainua ndoo, ndipo nikaushona. Dada, ilinikaa! Hata mnyapara aliniuliza fundi wangu ni nani, nikavimba kichwa.

Haukupita muda upindo wa kulia ukaanza kuburuza vumbi. Nilidhani uzi umefumuka, kumbe haukufumuka. Nikaupandisha, nikashona upya. Ukaburuza tena, nikaupandisha tena. Mwishowe nikaitandaza suruali kitandani na kuitazama. Mguu wa kulia sasa ulikuwa mfupi kuliko wa kushoto, kwa mkono wangu mwenyewe, na bado nikiuvaa unaburuza.

Kesho yake mnyapara akaniita. "We Rafaeli, mbona unachechemea? Umeangukiwa na gunia?" Sikuangukiwa na kitu, wala siumwi popote.

Jumapili asubuhi nikaivaa ile ya kwanza, niende nayo bombani. Ikanienea. Nyuma haikubana, mbele haikujaa, pindo zote mbili zikagusa vifundo sawasawa, na mimi sikuwa nimefumua hata mshono mmoja. Nikatoka uani. Bi Mwanaidi alikuwa anapepeta mchele. Akainua macho, ungo ukamponyoka.

"Athumani," akasema. Kisha akajiziba mdomo kwa kanga.

Nilimwuliza marehemu alikuwaje.

"Alikuwa na mguu mfupi. Huo wa kulia."

"Sasa tufanyeje, mama?"

"Hitima tutasoma Ijumaa. Lakini mwanangu, kipimo chake umeshakivaa. Mie sijui kama kinavulika."

Hitima imesomwa. Nilikaa mkekani mpaka mwisho, nikamwomba marehemu radhi kwa sauti, watu wote wakisikia. Suruali ile tumeitoa sadaka, na karatasi Bi Mwanaidi ameifukia. Leo nimevaa ya pili, na bado inaburuza. Kiuno hakinisaidii kujua lolote, kwa maana mpira humkubali kila mtu. Naogopa, Dada. Nimekuwa nikijitazama nikitembea, na sijui ni nani anayetembea.

Nimeomba ruhusa kazini, nakuja huko Mahenge. Unaikumbuka ile kamba uliyonipimia kabla sijaondoka, yenye fundo la kiuno na fundo la mguu? Najua hukuitupa, itakuwa darini pamoja na mbegu za mahindi. Iteremshe, iwe karibu na mlango.

Nisalimie shemeji, umwambie aache tumbaku. Nisalimie mama mkubwa, anayeniombea rozari kila jioni, aniombee na hii bila kujua ni ya nini. Na yule kitindamimba wako, ambaye sijamwona, mbusu kwa niaba yangu.

Nikifika nitapiga hodi na kukuita kama nilivyokuita utotoni. Usiifuate sauti. Nipime ningali nje, mguu wa kulia kwanza. Fundo lisipotua kwenye kifundo, nipe maji ninywe, kisha ufunge mlango.

Mdogo wako, Mungu akipenda niwe bado yeye,

Rafaeli