Kujaza Matokeo ya Anastazia

Ujiji, Jumatano asubuhi.

Mvua ya alfajiri imekatika. Milima ya Kongo inaonekana ng'ambo ya ziwa, safi, kana kwamba kuna mtu aliyeisogeza usiku. Asubuhi kama hii marehemu mke wangu, Anastazia, angekuwa amekwisha kwenda mwaloni Kibirizi, mitumbwi inapotia nanga, kuwahi dagaa. Mimi nimekaa mezani na simu yake. Niwieni radhi, ndugu wasomaji, kwa kuwa leo tena sina habari ya furaha.

Kwa msomaji mgeni, naomba nieleze kidogo. Anastazia hakupata sekondari. Kwao Ilagala ada ilitosha kwa kaka zake tu. Aliuza dagaa hapa sokoni Ujiji maisha yake yote. Watoto wa wauzaji wenzake walishinda chini ya meza yake, naye akawafundisha kuhesabu kwa dagaa. Uzeeni akasema anataka cheti cha ualimu wa chekechea, ili watoto wale wawe na chumba na ubao. Mwaka jana akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, katika chumba kimoja na vijana wenye umri wa kuwa wajukuu zake.

Wenzake sokoni hawakumpa nafasi ya kupumua. Walimsalimu kwa Kiha, kisha wakamtania:

"Mwakeye, mwanafunzi! Sare umeiacha wapi leo?"

"Ipo kwa fundi," akawajibu, "anaipanua kiunoni."

Mtihani ulipokwisha hakutaka kusubiri. Tuliketi pamoja, tukatuma maombi chuo cha ualimu kwa simu yake, na nafasi ya matokeo tukaiacha wazi mpaka yatakapotoka. Kabla ya Krismasi presha ikamchukua. Matokeo yalitoka naye akiwa amekwisha kulala kaburini.

Niliyafungua peke yangu. Kiswahili alipata C. Biolojia na Historia, D. Masomo mengine yote alipata F, likiwemo la Uraia, ambalo nilimfundisha mwenyewe kila jioni, kwa utaratibu wote tuliofundishwa na mapadre misheni. Nilikaa na F ile muda mrefu. Sikujua nimwombe nani radhi.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi ninafungua ukurasa wa maombi yake. Kuna sentensi moja tu: "Anastazia, maombi yako yanasubiri matokeo."

Nakiri kwamba sentensi hiyo imekuwa faraja yangu. Huku mtaani watu wote humtaja kwa wakati uliopita. Ukurasa ule bado unazungumza naye.

Jana simu yake ikalia. Alikuwa binti wa chuoni, mwenye adabu nyingi.

"Shikamoo, mzee. Namwomba Bi Anastazia."

"Marahaba, mwanangu. Hayupo karibu."

Mungu anisamehe. Ndilo lililotoka kinywani.

"Basi naomba umfikishie ujumbe. Asipojaza matokeo hadi Ijumaa, jina lake litaondolewa."

"Na kama matokeo hayo si mazuri, mwanangu?"

Akacheka kidogo, kwa upole. "Mwambie asione haya, baba. Kuna wanaojaza yale waliyofaulu tu. Kwa kozi ya ualimu wa chekechea, wakati mwingine hupita."

Nilimshukuru, nikakata simu, nikabaki na jaribu lile mkononi.

Niseme ukweli wote. Niliitaka barua ya kumkubali. Niliitaka iwe na jina lake kamili na mhuri wa chuo. Nilikwisha kuamua nitaipeleka makaburini Rusimbi na kuisoma kwa sauti, kisha niwapitishie wale waliokuwa wakimwuliza habari za sare. Masomo matatu tu, na mengine niyanyamazie. Nani angedhurika? Mwombaji mwenyewe hatakwenda kuchukua nafasi ya mtu.

Nikajaza yale matatu. Nikayatazama. Yalipendeza sana, na hayakuwa ya Anastazia.

Wauzaji wengi wa dagaa huweka walio wazima juu ya fungu, na waliovunjika vichwa huwaficha chini. Anastazia alifanya kinyume. Waliovunjika aliwaweka juu kabisa, mbele ya macho ya mnunuzi. Nilimkosoa mara nyingi kwamba anafukuza wateja. Alikuwa akinijibu bila hata kuinua uso: "Aone ubaya wangu hapa hapa sokoni, Baba. Uzuri ataukuta nyumbani."

Wapo waliopita wakaenda meza ya pili. Hakuwahi kuwaita warudi.

Ningewezaje, mimi niliyekula chumvi yake miaka yote hiyo, kumpanga kwenye fungu ambalo yeye asingelipanga?

Basi asubuhi hii nimejaza yote. Nimeanza na zile F, ya kwanza ikiwa ile ya Uraia. C ya Kiswahili nimeiweka mwisho. Macho hayakunisaidia, kwa hiyo nimechukua muda.

Chini kulikuwa na nafasi ya maelezo ya ziada. Nimeandika hivi: "Wapendwa Wakuu, naomba radhi kwa usumbufu, na hasa kwa binti niliyemjibu jana bila kusema kweli. Mwombaji amefariki dunia. Siombi apewe nafasi. Hata hivyo aliwauliza swali akiwa hai, na kwa heshima zote naomba ajibiwe."

Nikatuma.

Ile sentensi imetoweka papo hapo. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Mahali pake pameandikwa kwamba maombi yamepokelewa na jibu litatumwa kwa namba ya mwombaji. Nililia kama mtoto, na sioni sababu ya kuwaficha.

Najua jibu litakuwaje. Watamkataa, na watakuwa na haki.

Lakini watalazimika kuandika jina lake.

Jua sasa limefika mezani. Nimeichomeka simu yake kwenye chaji na kuongeza sauti yake hadi mwisho, maana masikio yangu si yale ya zamani. Kesho sitakwenda popote.