Bawa la Kong'ony

Kedowa,
3 Machi 2025

Binti yangu Chepchirchir,

Kuna jambo kuhusu bawa la Kong'ony ambalo nimelificha karibu miaka ishirini na miwili. Nalitaja kabla ya salamu kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe.

Sasa chamgei, mama. Habari ya Ndanai, na kile kifua chako kinaendeleaje na mvua hizi? Mimi bado niko. Daktari anasema moyo umechoka. Miguu imevimba, viatu vya kanisani havinitoshi tena, na Jumapili iliyopita nilienda ibadani na sandali kama mchungaji wa ng'ombe. Lenah wa jirani ananipikia uji na kunigombeza. Masikio nayo yamepungua, namsikia mtu akinipazia sauti karibu, lakini simu kwangu ni kelele tu, kwa hiyo utaendelea kusoma mwandiko huu. Jackton anapeleka viazi Sotik kesho, atakuachia barua pale dukani.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Yule paa anayenyonya chupa, wale watoto wa mbwa waliotupwa ndani ya gunia, yule bundi wa kanisa la Ndanai ambaye watu walitaka kumchoma. Halafu vifaranga wawili wa kong'ony, hao korongo wenye taji, uliomnyang'anya mtu sokoni, kikapu na vyote. Nimewasomea wazee wenzangu sehemu hiyo kwa sauti. Mmoja akasema, huyo ni binti ya Johana kweli. Nilijifanya natafuta miwani.

Lakini unasema maafisa wa wanyamapori wamekupa mpaka mwisho wa Juni. Ukikosa kinamasi cha kuwaachilia, vifaranga watachukuliwa wakae kwenye kizimba maisha yao yote. Na unasema kinamasi kizuri kuliko vyote kiko Sigowet, chini ya chai ya Zack Mosoti, na mwenyewe amekupa bure, nawe umekataa kwa sababu ni Zack aliyemvunja Kong'ony wetu bawa kwa jiwe la manati.

Kubali hicho kinamasi. Zack hakumpiga Kong'ony jiwe. Hakuna mtu aliyempiga.

Ni mimi,
Baba yako


Ndanai,
14 Machi 2025

Baba mpendwa,

Chamgei. Nimefurahi kwamba bado unaenda kanisani, hata kwa sandali. Mwambie Lenah akupunguzie chumvi, na usimwambie ni mimi niliyesema. Huku ni wazima. Paa ameanza kula majani ya viazi vitamu. Vifaranga wamefika kwenye goti langu na wanatembea nyuma yangu mpaka chooni. Majirani wanacheka, wanasema Chepchirchir amepata mapacha.

Baba, barua yako imenikosesha hamu ya chakula. Hakuna mtu aliyempiga? Nilikuwa na miaka kumi. Mimi ndiye niliyemleta Kong'ony nyumbani akiwa kifaranga, nimemfunga ndani ya sweta ya shule, na Mama akamlisha mchwa mmoja mmoja. Mama alipokufa, ndege yule ndiye aliyekuwa ananifuata kama hawa wanavyonifuata sasa. Halafu asubuhi moja nikamkuta bawa limefungwa kitambaa, hawezi kuruka. Ukasema ni Zack, mtoto wa Mosoti muuza ndizi. Jumatatu yake, wewe mwalimu mkuu, ulimpiga Zack viboko sita mbele ya paredi nzima, na serikali ilikuwa imeshavikataza. Nilisimama mstari wa kwanza. Nilihesabu.

Kazi hii ninayoifanya, Baba, imetoka kwenye bawa lile. Kila mnyama ninayemwinua namwinulia Kong'ony.

Na mwezi uliopita, sokoni Sigowet, Zack alipokuja kunisalimia kuhusu kinamasi, nilimwambia mbele ya watu, "Mkono uliovunja bawa la Kong'ony hautagusa vifaranga wangu." Hakubisha. Alisema tu, "Sawa, dada," akachukua kabichi zake akaenda.

Kama si yeye, ni nani? Sitamwendea kwa nusu ya habari.

Binti yako,
Chepchirchir


Kedowa,
30 Machi 2025

Mama yangu,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na mapacha wako. Nimekaa na barua yako siku kumi. Lenah aliniuliza kama ni ya korti.

Ni mimi.

Kumbuka mwezi ule wa Septemba 2003. Tulikuwa tumemzika mama yako wiki moja tu. Kong'ony alikuwa amekomaa, kichwani taji limejaa, na alikuwa ameanza kuruka. Alizunguka juu ya nyumba, akashuka bondeni kwa wale wa mwituni, akarudi jioni. Jumamosi ile hakurudi mpaka giza lilipoanza kuingia, na alirudi na wenzake wawili. Wale wawili walisimama kwenye ua wakimwita. Nilijua kesho yake ataondoka. Ndege aliyelishwa na mkono wa mama yako. Nilimshika chini ya kwapa, nikachukua ule mkasi mkubwa wa mama yako wa kushonea, nikakata manyoya yote ya kurukia upande wa kulia. Hakulia. Manyoya hayana damu, ni kama kucha. Nikafunga bawa kwa kitambaa ili usione.

Asubuhi ukaja mbio. Ukamwona, ukaona Zack amesimama nje ya ua na manati yake, ukaniuliza, "Ni Zack?" Nikakaza kitambaa. Ukauliza tena. Nikasema ndiyo.

Kufikia Jumatatu habari ilikuwa imeenea shule nzima, na walimu walikuwa wananitazama waone kama nitamwadhibu. Hiyo paredi unaikumbuka vizuri kuliko mimi.

Utauliza kwa nini sikusema baadaye. Wewe unajua kong'ony ni nani kwetu. Ndiye mnyama wa ukoo wetu. Babu yako alinifundisha kwamba akiingia nyumbani anamwagiwa maziwa kidogo mbele ya miguu, anaachiwa njia, na hakuna mtu wa ukoo anayemgusa kwa nguvu. Mtu akimdhuru, anawaita wazee na kukiri. Mimi ndiye niliyekuwa nawasomea wazee hao barua zao na kuwaandikia kumbukumbu za mikutano. Ningewaambia nini? Kwamba mwalimu amemkatia kong'ony mabawa kwa mkasi?

Mosoti aliacha kunisalimia. Alimhamisha mtoto wake, kisha wakahama wote. Amekufa bila kunisalimia, na alikuwa na haki.

Sasa una habari nzima. Mwendee Zack.

Baba yako


Ndanai,
11 Mei 2025

Baba,

Chamgei. Nisamehe kwa ukimya wa wiki sita. Jackton aliniambia kila alipopita alikukuta umekaa barabarani kwenye kiti. Nilitaka kwanza kwenda Sigowet ndipo nikuandikie.

Nimeenda. Niliwakuta Zack na mke wake Moureen wanachuma chai. Moureen aliniona mbali akapaza sauti, "Mama wa ndege amekuja! Zack, ficha mikono yako!" Nilistahili. Nilisimama katikati ya chai, nikamwomba Zack msamaha wangu na wako, na nikamsomea barua yako yote, kwa sababu sikutaka kuipunguza wala kuipamba.

Alisikiliza huku akiendelea kuchuma. Mwisho akasema, "Manati yangu haikuwa na mpira siku ile, dada. Ulikatika Ijumaa. Nilikuja pale kwenu kuomba kipande cha tyubu ya baiskeli ya Mwalimu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilisema. Nilikuwa nasema kati ya kiboko na kiboko."

Moureen akaondoka akaenda kupika chai. Mimi nikaanza kuchuma majani pembeni yake. Ni Zack aliyetuokoa. Alisema, "Mwambie Mwalimu viboko vyake vingine vyote vilinisaidia, mpaka leo najua hesabu ya kuzidisha. Hivyo sita tu ndivyo sijui vilikuwa vya somo gani." Kisha akanipeleka kinamasini. Baba, ungekiona. Nyasi zimefika kifuani, maji hayakauki, na kuna jozi mbili za kong'ony wa mwituni zimejenga viota. Zack amewaambia wenye ng'ombe wapite juu. Amekuwa akikilinda kimya kimya miaka saba. Nilimuuliza kwa nini anawalinda ndege walioharibu utoto wake. Akasema wao hawakumpiga.

Maafisa wamekikagua, wameweka sahihi. Vifaranga wataenda kwa Zack tarehe ishirini na moja Juni. Tumejenga boma la matete wazoee kabla ya kufungua.

Sasa Baba, kuna kitu kimoja hakikai sawa, na nimekizungusha kichwani kila ninapowalisha mapacha.

Unyoya uliokatwa hauponi, lakini unaanguka. Ndege hubadilisha manyoya, na mapya huota mazima. Hata wanafunzi wanaokuja kwangu kujifunza kutunza wanyama wanajua. Kama ulikata mara moja, Septemba 2003, Kong'ony alipaswa kuruka tena kabla sijafanya mtihani wa darasa la nane. Nina miaka thelathini na miwili na bado anatembea kwa miguu kwenye ua wako.

Na kila nilipotaka kumpima ulisema mfupa unamuuma, asiguswe. Kila Krismasi nilimkuta na kitambaa kwenye bawa. Nilikuheshimu, sikufungua.

Sikuandikii kwa hasira. Hasira niliimaliza kwenye chai ya Zack. Lakini niambie, Baba. Bawa lile lina nini?

Binti yako anayekupenda,
Chepchirchir


Kedowa,
2 Juni 2025

Chepchirchir, mama,

Salamu nyingi kutoka kwa mzee wako. Sitakuficha kuhusu afya. Napumua vizuri nikiwa nimekaa, si nikiwa nimelala, kwa hiyo Lenah amenipangia mito kama ya bwana harusi. Daktari amezungumza naye nje ya mlango, na mimi, kiziwi, nimemwelewa kabisa.

Kwanza niseme la furaha, kwa sababu huenda sitapata nafasi nyingine. Nimefundisha miaka thelathini na nne. Nimetoa madaktari wawili na hakimu mmoja, na watu wakija kunitazama hupenda kunitajia hao. Mimi nikiwa peke yangu humfikiria mtoto mmoja tu, aliyesimama kwenye chai ya mtu aliyemkosea akasoma barua ya baba yake yote bila kuruka mstari. Babu yako angekuita mkutanoni na kukukalisha kwenye kigoda chake. Na kwamba ulilitambua jambo la manyoya mwenyewe, bila kuambiwa, kwa kuijua kazi yako! Nilisoma swali lako nikaona aibu na fahari vimekaa pamoja. Fahari ilikuwa kubwa zaidi. Ndivyo nilivyo, na ndicho chanzo cha yote.

Zack nimemwandikia barua yake mwenyewe, iko ndani ya hii. Pia nimewaita wazee wawili wa ukoo waliobaki. Wamenisikiliza, tumemwaga maziwa mbele ya miguu ya Kong'ony. Mmoja alilia. Mwingine aliniambia, "Johana, wewe ndiwe uliyekuwa unatusahihisha sisi."

Sasa swali lako.

Mwaka huu mwezi wa Januari nilichukua mkasi kama kawaida. Vidole havikuufunga. Nilijaribu kwa mikono miwili, nikaweka chini. Kitambaa nikakitupa. Manyoya yameota, meusi na meupe, yote kumi upande ule. Mwezi wa nne alianza kuyapiga hewani kila asubuhi, akikimbia ua mzima kama mtoto anayejifunza baiskeli. Wiki mbili zilizopita alipanda juu ya paa la zizi. Jana alivuka barabara, akazunguka juu ya shamba la viazi la kina Jackton, na watu wote wakaacha majembe. Lenah alipiga vigelegele. Alirudi akatua mbele ya kiti changu. Sijui kwa nini anarudi. Lango liko wazi usiku na mchana.

Njoo naye Zack kabla ya tarehe ishirini na moja. Mchukueni, awe pamoja na mapacha kwenye boma la matete, awafundishe kuruka. Mkifungua, fungueni kwa wote watatu. Nataka Zack ndiye avute mlango. Mimi sitakuwepo, na usinisubiri.

Bawa lile halina kitu, mama. Halijawahi kuwa na kitu. Hakuna mfupa uliovunjika, siku hiyo wala siku nyingine. Nilikata mwaka 2003, nikakata mwaka uliofuata manyoya yalipoota, na uliofuata, na kila ulipokaribia kuja Krismasi nikafunga kitambaa kipya. Mara ishirini na mbili. Ile ya kwanza nilikata kwa sababu ya mama yako, na nimekuwa nikiitumia kama kisingizio cha nyingine zote. Lakini shule zilianza kuleta watoto kumwona mwalimu anayemtunza ndege mlemavu. Walimu wastaafu wakanipa cheti. Kanisani wakaniombea kwa jina. Zile mara ishirini na moja zilizobaki, nilikata kwa sababu nilipenda kutazamwa.

Baba yako,
Johana