Harufu ya Karafuu Kwenye Begi la Mdakaji

Houston, Jumapili asubuhi, Januari 2005

Mvua ile nyembamba ya hapa kwetu, hainyeshi wala haikatiki. Niko jikoni na chai ya tangawizi. Nyumba imetulia, na kwa mara ya kwanza tangu Salim arudi, utulivu huu haunitii wasiwasi.

Wiki nzima nimekuwa askari kanzu ndani ya nyumba ya baba yangu.

Kwa msiomjua, Salim ni mdogo wangu. Tulipohama Unguja alikuwa bado kibogoyo wa meno ya mbele. Besiboli aliikuta shuleni, mtaa wa Alief hapa Houston, ikamchukua mzima mzima. Yeye ni mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, kavaa kinyago cha chuma, anadaka mipira anayotupiwa na mrushaji wa timu yake. Alipomaliza shule alikuwa na nafasi ya chuo, akasomee ufamasia. Akaiacha, akatia saini kucheza ligi ndogo, kule wachezaji wanakozunguka mabasini miaka nenda miaka rudi wakingoja kuitwa ligi kuu.

Baba alisema neno moja tu siku ile. "Mwanamume mzima, kazi yake kuchutama nyuma ya mwenzake?"

Tangu hapo wakawa wanasemeshana kupitia kwangu. "Mwambie nduguyo chakula tayari." "Da Zuhura, muulize Baba kama anatumia gari." Na hapo wamekaa sinia moja, mikono yao inakaribia kugusana.

Sasa angalia mambo yalivyokwenda.

Majira haya ya baridi Salim karudi na shingo nene na mabega kama ya mpagazi. Hacheki. Simu ikilia anatoka nje. Nikimuuliza msimu ulikwendaje ananijibu "It was fine," na kwenda kuoga. Kila asubuhi anatoka na begi lake, anarudi kalowa jasho, mkono wa kulia kauficha mfukoni.

Mimi nafanya kazi famasia, mji wa jirani wa Sugar Land. Na televisheni siku hizi haina habari nyingine ila wachezaji wanaojidunga dawa za kutunisha misuli. Ungefikiri nini?

Nilifikiri hilo hilo.

Jumatano, yeye yuko bafuni, nikafungua begi lake. Si adabu, najua. Nilijiambia ndiyo kazi ya dada. Nikakuta glavu, bandeji, soksi za kunuka, na chini kabisa kichupa cha plastiki kisicho na lebo, ndani mna kitu cha majimaji, rangi ya chai. Nikakifungua, nikanusa.

Karafuu.

Mafuta ya kuchua ya Baba! Anayachemsha mwenyewe kwa ajili ya goti lake, karafuu na mafuta ya nazi, na ana uchoyo nayo ajabu. Nilipotenguka kifundo cha mguu alinipimia kwa kijiko cha chai. Yamefikaje kwenye begi la mtoto asiyesema naye?

Hapo shaka ikamhama Salim, ikamvamia mzee.

Maana Baba naye nilikuwa nimemwekea kesi yake kichwani. Baba anaendesha teksi, na tangu Mama atutoke anaishi na mimi. Kiangazi kilichopita akaanza safari za Mansfield. "Kuna mteja," ananiambia. Mansfield iko kule Fort Worth, saa nne na ushei barabarani. Nani akae Mansfield aite teksi ya Houston? Na akirudi, shingo imebabuka jua, anaimba chini kwa chini, na safari ikikaribia tena ananiomba nimpigie shati pasi. Nilishamuona huyo mama wa kambo kichwani mwangu, mpaka sauti yake nilikuwa naijua.

Na sasa kila asubuhi Baba anasema anakwenda kunywa kahawa kwa rafiki yake anayekaa Stafford. Anatoka kidogo kabla ya Salim kutoka, kama watu waliopangana.

Alhamisi nilikuwa na zamu ya mchana. Nikawafuata.

Gari la Salim likakata kona kwenye bustani moja Stafford, penye kiwanja cha besiboli cha watoto. Kwa baridi ile hapakuwa na mtu. Teksi ya Baba ilishafika. Nikaegesha nyuma ya vyoo, nikazima injini kama mwizi.

Baba yangu, na kofia yake ya kiua na sweta, kasimama katikati ya kiwanja na glavu mkononi. Salim kachuchumaa mbele yake, kinyago usoni. Mzee akarusha, mrusho wa mtu aliyejifunza ukubwani. Salim akadaka, akainuka kidogo, akamrudishia. Mpira ukapita juu ya kofia, ukaenda kugonga uzio.

Baba akaufuata, anachechemea. Akauokota, akarudi mahali pake, akarusha. Safari hii Salim aliurudisha ukajipigiza chini, karibu na miguu yake mwenyewe. Halafu tena juu. Tena uzioni. Na mzee wa watu na goti lake bovu, huyo anakwenda, huyo anarudi.

Nikasema ndiyo hii sasa. Anamlipizia. Anamkimbiza mzee makusudi kwa lile neno la siku ile.

Nilitoka garini bila hata kufunga mlango. "Salim! Huna haya? Baba ndiye wa kukuokotea mipira?"

Wakageuka wote wawili. Salim akavua kinyago, nikaona uso umelowa. Alikuwa analia humo ndani muda mrefu.

"Rudi garini, Zuhura," Baba akasema.

"Mwache, Baba."

Nilishtuka. Neno hilo, Baba, limetoka kwa Salim na kwenda moja kwa moja kwa mwenyewe, bila kupita kwangu.

"Da Zuhura, siwezi kurudisha mpira," akasema.

"Unasema nini?"

"Kudaka nadaka. Mpinzani akichomoka kuiba besi, yaani kituo cha mbele, narusha mpaka besi ya pili, unafika kama risasi. Lakini kumrudishia mrushaji tu, polepole, kitu mtoto mdogo anafanya, mkono unakataa. Nikipata nafasi ya kufikiri tu, basi. I don't know why, dada. Nobody knows."

Daktari wa timu alimpiga picha bega, akaona zima. Salim akadhani amepungukiwa nguvu, akawa ananyanyua vyuma kama mwendawazimu, ndiyo ile shingo. Haikusaidia. Ikafika mahali watazamaji wakawa wanampigia makofi ya kejeli kila mpira wake unapomfikia mrushaji salama.

"Na wewe Baba ulijuaje?"

Baba akajitia kufuta udongo kwenye mpira. Aliyenijibu ni Salim. Kumbe kiangazi timu yake ilikuwa na makao karibu na Mansfield, nami sikuwahi kuuliza ni wapi. Siku moja, baada ya kuzomewa mpaka mwisho wa mchezo, alitoka kwa mlango wa nyuma akakuta teksi ya Houston imeegeshwa, na Baba kaegemea boneti. Mzee alikuwa amekaa juani kwenye majukwaa, ameona yote. Mchezo hakuutaja. Alisema, "Umekula?"

Wakaenda kula. Baada ya hapo akawa anakuja tena na tena.

Hivyo ndivyo nilivyompoteza mama wa kambo wa Mansfield.

Jana mchana tulikuwa tunakula, wali na samaki, simu ya Salim ikalia. Hakutoka nje. Aliipokea pale pale kwenye sinia. "Yes, sir. I understand. Thank you, sir." Akaiweka chini taratibu.

"Wameniacha," akasema. "Nisiende hata mazoezini."

Nilimtazama Baba, na nakiri hapa, nilimshuku tena. Nilijua atasema nini. Nilikuwa naliona neno ufamasia limekaa kwenye ncha ya ulimi wake, limengoja miaka. Nilikuwa tayari kumkatiza.

Baba alikuwa anachambua miiba. Akamaliza, akasogeza minofu upande wa Salim.

"Kesho twende mapema," akasema, "watoto wasije wakatuwahi kiwanjani."

"Baba, hukunisikia? Wameniacha. It's over."

"Nimekusikia. Mimi nilikuwa siendi kwa ajili yao."

Salim akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa goti lake, akalia kwa sauti, jambo ambalo sijamuona akilifanya tangu msiba wa Mama. Mkono wa kushoto wa Baba ukamtua kichwani ukabaki hapo. Mimi nikajifanya nafuata maji.

Sijui Salim atafanya kazi gani sasa. Yeye mwenyewe hajui. Sijui kama mkono utapona, na Baba nilipomuuliza alfajiri amenijibu kwamba naye hajui. Ufamasia haujatajwa bado na mtu yeyote, na mimi nimeuma ulimi.

Kushuku hakuniishi kwa siku moja. Sasa hivi wako barazani wanavaa viatu, wanasubiri mvua ipungue, na namsikia Baba anamweleza Salim kwamba mrushaji wao wa mwaka jana alikuwa na mkono mzuri lakini hana subira, na kwamba kocha alikosea kumwacha kiwanjani siku ile ya joto kali. Anaongea kwa ukali, kama mtu aliyelikalia jambo kwa miezi. Salim anabisha. Baba anapandisha sauti.

Namshuku mzee ameipenda besiboli.

Hii moja sitaichunguza.