Kesi ya Shemeji Gelasius

Ushirombo, 12 Juni 1976

Mdogo wangu mpenzi Febronia,

Sisi huku wazima. Wifi yako Justa amevuna karanga, na debe moja ni lako.

Ulizunguka vijiji vyote ukiniombea kura za udiwani. Baada ya udiwani niliteuliwa kuwa hakimu, na Jumatatu mumeo Gelasius aliletwa mbele yangu kwa kumjeruhi mchimbaji mwenzake. Akaniambia, "Shemeji, niokoe." Nikajibu siwezi kumhukumu ndugu, nikamwachia kesi hakimu mwenzangu. Jana alimfunga miezi sita.

Nilitoka nje nikalia. Ningeweza kumwachia huru, nawe unajua.

Justa ameshawatandikia chumba. Njoo na watoto, hata kama hutaki kuzungumza nami.

Kaka yako akupendaye,
Leodgar