Tawi la Mwiba Langoni

Shule ya Msingi, Endulen
6 Machi 1983

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama hamjambo, na kwamba mvua imefika Rhotia. Huku ilinyesha mara moja ikaghairi. Mimi sijambo kiasi, na sababu ya kuandika ni hilo neno "kiasi".

Nimerudi kutoka Moshi. Daktari amesema ugonjwa wangu si baridi wala si mifupa kuchoka, kama tulivyodhani. Anasema mwilini mna walinzi wa kupigana na maradhi, na wangu wamechanganyikiwa, wanapigana na viungo vyangu mwenyewe. Nilimwelewa kwa njia ya kwetu, kwamba mbwa wa boma ameanza kuwauma wenyeji. Dawa aliyonipa inaitwa prednisoloni, na kazi yake ni kumlaza huyo mbwa. Nimeanza kuimeza, na kweli vidole vimelegea. Jumatatu niliandika ubaoni kwa mkono wangu. Tangu Novemba nilikuwa namwambia kiranja aniandikie. Nilifurahi mpaka nikaandika tarehe mara mbili.

Lakini mbwa akilala, fisi naye anaweza kuingia. Nimeambiwa nikae mbali na wenye kifua na wenye surua, nichemshe maziwa, na nisiache dawa ghafla hata nikijiona mzima, maana mwili ukishaizoea hausimami bila hiyo. Halafu dawa yenyewe ina visa vyake. Nina njaa ya ajabu, nakula kama mtu aliyelima kutwa. Usingizi umepungua. Uso nao unaanza kujaa, mashavu yamevimba, na tumbo pia. Daktari anasema ni kazi ya dawa, yatapungua dozi ikipungua. Nawaeleza mapema msije mkashtuka nikija likizo ya Juni.

Kuhusu maziwa, jirani yangu Seenoi, mjane anayeniletea kibuyu kila asubuhi, alinikuta nimeyaweka motoni akakasirika. Kwao Wamasai ukichemsha maziwa ni kama unamchoma ng'ombe mwenyewe, kiwele kinakauka. Siku hizi nachemsha mlango ukiwa umefungwa.

Muulize mama kama niliwahi kuugua surua nikiwa mdogo. Daktari alitaka kujua, maana aliyewahi kuugua haimrudii.

Ni mimi binti yako,
Blandina


Rhotia, Karatu
27 Machi 1983

Mwanangu Blandina,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mvua imefika, mahindi yakaota, kunguru wakayang'oa, tumepanda tena. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Sabuni hakuna na sukari hakuna. Duka la kijiji lina viberiti na muuzaji, basi.

Barua yako niliisoma mara mbili, kisha nikamsomea mama yako, nikaruka pale pa tumbo. Habari ya mbwa nimeielewa. Ya njaa usihofu, wengine tunayo bila dawa.

Mama yako anasema surua hukuugua. Mwaka ilipopita hapa ikawashika kaka zako, wewe ulikuwa kwa bibi yako huko Kainam. Anasema wakati ule alimshukuru Mungu. Sasa anauliza kama aendelee kushukuru au la.

Meza dawa kama ulivyoelekezwa. Uso ni uso tu. Njoo Juni, kuna maharage ya kuvuna, na kwa kuwa vidole vimelegea hutakuwa na kisingizio.

Baba yako,
Hhando


Rhotia, Karatu
10 Julai 1983

Mwanangu Blandina,

Natumaini hujambo na ulifika salama, ingawa hukuaga. Mwenye lori la mahindi alituambia alikushusha Ngorongoro.

Naandika yaliyotokea, hata yale unayoyajua, kwa sababu ulipokuwa hapa nilisema maneno machache na hayakuwa na mpangilio. Shangazi yako Evarista alikuona kanisani, akatazama uso, akatazama tumbo, akarudi nyumbani akiwaambia wanawake kuwa mwalimu ana mimba. Jioni wazee wakaja. Desturi yetu Wairaqw unaijua. Binti ambaye hajaolewa akibeba mimba chini ya paa la baba yake, nyumba ile inaingia metimani. Inafungwa, tawi la mwiba linalazwa langoni. Hakuna mtu wa kuja, hakuna wa kunywa maji yetu wala kuazima moto, ng'ombe wetu hawachungwi pamoja na wa wengine, mpaka wazee waseme uchafu umeisha. Waliniambia nichague moja: nyumba ifungwe, au wewe ulale nje ya paa langu mpaka ukweli ujulikane.

Nikakupeleka kwenye banda la majani ya ng'ombe. Mama yako alikuletea chakula huko. Siku ya tatu tulikuta umeondoka.

Nilijua ni dawa, ulikuwa umeniandikia. Lakini nilifikiri kwamba anachokijua mtu mmoja si kinachojulikana na kijiji, na kwamba miezi michache itawaonyesha. Mimba haifichiki, na isiyokuwepo nayo haifichiki. Nililiona banda kuwa jambo dogo.

Mama yako hasemi nami. Huniwekea ugali, kisha huenda zake.

Tuandikie.

Baba yako,
Hhando


Rhotia, Karatu
11 Septemba 1983

Mwanangu Blandina,

Natumaini u mzima. Sisi wazima. Maharage tuliyavuna wenyewe.

Barua ya Julai sijapata jibu lake. Nilifikiri labda imepotea, lakini barua za jirani kwenda huko zinafika. Mama yako amemwambia mke wa katekista aniambie nikuulize kama unakula. Ndivyo tunavyozungumza hapa siku hizi.

Baba yako,
Hhando


Endulen
23 Oktoba 1983

Mpendwa Baba,

Shikamoo, na mama shikamoo. Natumaini hamjambo. Usidhani barua hii imeandikwa na mtoto wa darasa la kwanza. Ni mimi, nimeifunga kalamu kidoleni kwa uzi.

Niliporudi kutoka kwenu niliacha dawa. Sikuipunguza, niliiacha. Nilitaka uso wangu urudi, nije Desemba nikae benchi la mbele kanisani, shangazi anitazame mpaka achoke. Na kweli mashavu yalianza kupungua. Nilijitazama kwenye kioo nikajitambua, nikacheka peke yangu. Halafu nikaanza kutapika, nikawa sina nguvu ya kusimama, na siku moja nikaanguka darasani katikati ya hesabu za sehemu. Viungo vikavimba vyote kwa mpigo. Seenoi ndiye aliyeita wanaume wakanibeba mpaka hospitali, na akakaa nami huko. Sasa maziwa yangu anayachemsha yeye mwenyewe. Kwanza anamwomba ng'ombe radhi kwa Kimasai, kisha anaweka sufuria.

Madaktari walizungumza na Moshi kwa redio. Wamenirudishia prednisoloni kwa dozi kubwa, wakaongeza dawa ya pili, Imurani, ambayo baadaye itasaidia ile ya kwanza ipunguzwe. Hii ya pili inamlaza mbwa asisikie hata mlango ukivunjwa. Kila mwezi wananitoa damu kuipima. Nywele zinatoka kidogo kwenye kitana, na asubuhi nina kichefuchefu. Shangazi akisikia hilo la asubuhi atafurahi.

Uso umevimba kuliko ulivyouona Juni. Nililia, kisha nikaacha kulia kwa sababu machozi hayakuupunguza.

Lililo kubwa ni hili. Surua imeingia shuleni. Daktari amesema nisiingie darasani wala nisikae karibu na watoto mpaka dozi ishuke, pengine mpaka katikati ya mwaka ujao. Amesema bila kuzunguka kwamba surua ikinikuta sasa haitaniacha. Mwalimu mkuu amenipa ruhusa ya ugonjwa, lakini nyumba yangu iko palepale uwanjani pa watoto. Kwa Seenoi kuna wajukuu, nao wanakohoa. Kwetu sikufikirii. Naijua nyumba yako, mlango haufungwi, kila anayepita anaingia na watoto wake. Hata wakiamini kuwa sina mimba, watakuja kuhakikisha.

Kwa hiyo sijui nitakaa wapi. Siombi kitu, Baba. Nakujulisha tu.

Binti yako,
Blandina


Rhotia, Karatu
20 Novemba 1983

Mwanangu Blandina,

Natumaini barua hii inakukuta ukimeza dawa zote mbili. Sisi hatujambo, na kwa sababu nitakazoeleza, hakuna wa kutuambukiza chochote.

Barua yako nilimsomea mama yako yote, bila kuruka. Nilipofika pale pa kalamu na uzi alitoka nje, akakaa huko mpaka giza. Mimi nilibaki nimeishika. Nilikuonea uchungu, mwanangu, na nilijionea haya.

Surua iko hapa pia. Imeshachukua watoto wawili upande wa mtoni. Nilifikiri namna ya kukuweka nyumbani isikufikie. Nikiwaambia watu wasije kwa sababu binti yangu anatumia dawa, watakuja kuuliza ni dawa gani. Shangazi yako atakuja na uji. Ukiwaambia daktari amekataza, watakuja kumsengenya daktari. Watu wetu kwa wema hawazuiliki. Kuna jambo moja tu linalowazuia, nalo nalijua vizuri.

Jumamosi iliyopita niliwaita wazee nikawaambia nyumba yangu ina uchafu, naifunga. Walishangaa. Mzee Sylvesta alisema hapa hapajafa mtu, hakuna mimba iliyoharibika, na ile habari yako wanawake wamehesabu miezi kwa vidole mpaka vikaisha, wakanyamaza. Akataka kujua uchafu wenyewe ni upi.

Nikamjibu, "Mwanangu alilala nje ya paa langu akiwa mgonjwa, na mimi nilikuwa ndani nimelala. Kama huo si uchafu, nielezeni uchafu ni kitu gani."

Wakatazamana. Jambo hilo halimo katika desturi, lakini mzee akishasema ana uchafu, nani atakunywa maji yake ili kumthibitishia kwamba hana? Sylvesta akasema mwaka mzima. Nikasema ni sawa. Waliondoka bila kunipa mkono, na ndivyo nilivyotaka.

Tangu hapo hakuna anayekuja. Watoto wakifika kwenye mwarobaini wanageuka na kukimbia. Shangazi yako alisimama barabarani akaita jina langu, nikamwambia asisogee, akarudi na uji wake. Ng'ombe nawachunga mwenyewe upande wa korongo, na magoti yananilalamikia. Padre alituma neno kwamba Mkristo hafanyi mambo haya. Nikamjibu kwamba namheshimu, na aje kunihubiria mwaka ujao. Pombe ya jioni na wazee nimeikosa kuliko nilivyotegemea. Si pombe yenyewe, ni maneno yake. Sikujua kuwa mtu anaweza kuwa na hamu ya kubishana.

Mama yako ameusiliba upya ukuta wa chumba chako. Sufuria ya maziwa ni yako peke yako, hakuna mwingine atakayeigusa. Jana alinikalisha akaniuliza kama mboga ina chumvi. Ni maneno yake ya kwanza kwangu tangu Juni. Chumvi ilikuwa imezidi, nikasema imetosha.

Kabla sijafunga nilizungumza na dereva wa lori la misheni. Anashuka Ijumaa ya kwanza ya Desemba. Utakaa mbele naye, si nyuma na abiria, na nilimkohoza mara kadhaa nikaona kifua chake ni safi. Hospitali waulize damu yako itapimwa wapi ukiwa huku. Siku ya kupima nitakupeleka mwenyewe, na watu wakituona barabarani watatupisha. Mwambie Seenoi kuwa nimempa ndama wa ng'ombe mwekundu. Nitamtuma dereva amchukue lori likirudi. Najua ni dume na halitoi maziwa, lakini sina kingine kizuri.

Kuhusu uso wako, hapa utaonwa na mimi na mama yako. Mama yako amekuona tangu ulipokuwa na uso mwekundu wenye mikunjo na hakuulalamikia.

Dereva atakushusha njia panda. Panda taratibu, usikimbilie. Langoni utakuta tawi kubwa la mwiba limelazwa. Usije ukasimama ukadhani limewekwa kukuzuia wewe. Lisogeze, ingia, kisha lirudishe nyuma yako.

Baba yako,
Hhando