Ndege Yenye Nusu Mkia

Nyumbani, chumba cha nyuma,
kwenye meza ya kupigia pasi,
Jumapili mchana, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Mama anasema dawa ya kuchua ukiipaka usiku peke yake haitoshi, uipake na asubuhi. Ameniagiza niandike hivyo kwa herufi kubwa, lakini najua hupendi kupigiwa kelele hata kwenye karatasi, kwa hiyo nimeandika kwa herufi ndogo. Baba Mapacha anaendeleaje na kazi ya zamu? Na mapacha wenyewe, wameacha kung'atana?

Sisi huku hatujambo. Baba kikohozi kimemwisha. Mama ana mashati mengi ya wateja ya kufuliwa na kupigwa pasi, ndiyo maana meza hii ninayoandikia bado ina joto. Mdogo wangu, Kidomo, ameng'oka meno mawili ya mbele lakini maneno hayajapungua. Mimi masomo yanaendelea vizuri, isipokuwa kwenye michezo, ambako bado nachaguliwa wa mwisho, na bado sijali.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Alhamisi ulipopiga simu ya Mama ukaomba nipewe, ulisema nikae chini niandike barua ya kumwomba Baba Mdogo msamaha, niitume kwako kwanza uisome. Nilijibu "ndiyo, Shangazi" tangu mwanzo hadi mwisho, maana unajua simu inavyonifunga mdomo. Basi nimekaa chini na nimeandika. Ila hii si barua ya kuomba msamaha. Naomba uisome yote kabla hujakasirika. Na kama utakasirika hata hivyo, angalau utakuwa umeyasikia yote.

Ulisimuliwa kwamba Baba Mdogo alinimalizia modeli yangu ya ndege, nami nikaikata kazi yake, kwa msumeno wake, ndani ya karakana yake, mbele ya wateja wake. Ni kweli. Sikatai hata neno moja. Lakini hukuambiwa ni ndege gani.

Niliikuta kwenye maktaba ya shule, katika kitabu kikubwa cha ndege za vita kuu ya pili ambacho hakuna anayekiazima kwa sababu jalada limetoka. Shangazi, fikiria ndege yoyote unayoijua. Ina mwili katikati, bawa huku na bawa huku, na nyuma mkia uliotokeza pande zote mbili sawasawa. Sasa ya kwangu: mwili wenye injini umesogezwa kushoto, na ndani yake hakai mtu. Watu wenyewe, watatu, wanakaa kwenye chumba cha vioo kilichobandikwa kwenye bawa la kulia, peke yake, kama chupa iliyolazwa. Na ule mkia umetokeza upande wa kushoto tu. Kulia hakuna kitu. Ukiitazama mara ya kwanza unadhani fundi aliitwa kula akasahau kurudi.

Hakusahau. Ilikuwa ndege ya upelelezi, na kazi yake kubwa ilikuwa kuona. Kwenye ndege ya injini moja, injini inakaa mbele ya macho ya rubani na kumzibia. Aliyeibuni akaona afadhali watu wahamie pembeni. Halafu, kwenye toleo lililofuata, ambalo ndilo langu, akauondoa mkia wa upande wa kulia, ili yule anayekaa nyuma kabisa ya chumba cha vioo asizibiwe na chochote. Kila kinachoonekana kama kosa kiliwekwa kwa makusudi. Wengi hawakuamini kwamba itaruka. Iliruka. Zilitengenezwa chache tu, hazifiki thelathini, kisha wakubwa wakachukua nyingine yenye pande mbili zinazolingana.

Mama aliniuliza kama sioni aibu kutengeneza ndege ya wale waliotaka kuitawala dunia yote. Nilimwambia nafurahi walishindwa, na ningefurahi zaidi kama wangeshindwa mapema. Ninachokipenda ni lile wazo la mtu kuhamia mahali ambapo hakuna anayekaa, ili apate kuona. Mama alisema wazo hilo ni zuri, lakini liondoke mezani kabla pasi haijapata moto.

Nimeitengeneza tangu muhula ulipoanza. Mbao nilipewa na Baba Mdogo mwenyewe, vile vipande vyembamba vinavyobaki akishapasua. Sentimita moja ya modeli ni nusu mita ya ndege, kwa hiyo nilikuwa napima picha, nahesabu, napiga msasa, napima tena. Chumba cha vioo nilikikata kwenye chupa ya maji. Cha kwanza kiliyeyuka kwa sababu nilikisogeza karibu na pasi. Cha pili kikatoka vizuri, na zile fremu za madirisha nikazifanya kwa uzi niliouchovya kwenye rangi nyeusi. Ukiinama unaona viti vitatu ndani. Kile cha nyuma nimekigeuza kitazame mkiani, kama kwenye kitabu.

Kila aliyeingia humu ndani alikuwa na la kusema. Fundi redio, jirani yetu, alinipa pole akauliza ilianguka lini. Kidomo akawatangazia watoto wa mtaa mzima kwamba nusu ya mkia imeliwa na panya, na kwamba yeye amemwona panya mwenyewe. Mimi nilikuwa natabasamu tu na kuendelea na msasa. Unanijua. Hukuniita Kimya bure.

Halafu yakaja maonyesho ya shule. Kila darasa linachagua kazi moja, na zilizochaguliwa zinapelekwa kwenye maonyesho ya shule zote. Mwalimu wa sayansi aliizungusha modeli yangu mkononi, akaisifu, kisha akaniambia niongeze nusu ya mkia iliyobaki, basi nitakuwa nimechaguliwa. Nikamfungulia kitabu. Alisoma ukurasa wote, Shangazi, na akakubali kwamba niko sahihi. Ndipo akasema, "Jaji hasomi, binti. Jaji anaangalia. Ataona kitu kibovu na ataandika kibovu. Weka mkia, twende zetu."

Kama angekuwa hajui, ningemsamehe haraka. Lakini alijua, na bado alitaka niseme uongo kwa mbao. Hakuna ndege ya toleo hilo iliyowahi kuruka kwa mkia aliotaka niubandike. Ningekuwa nimetengeneza kitu ambacho hakipo, halafu nisimame kando yake nikipongezwa.

Niliyasimulia hayo nyumbani wakati wa kula, kwa sauti yangu ile ambayo Baba huniambia niiongeze kidogo. Baba Mdogo alikuwepo. Naamini alisikia "mwalimu", akasikia "mkia", akasikia "haitachaguliwa", mengine yakazama kwenye kelele za Kidomo. Kesho yake, Jumatano, nikiwa shuleni, alikuja akaichukua modeli akaenda nayo kazini kwake.

Nilimfuata huko nilipotoka darasani. Alikuwa ameisimamisha juu ya benchi, kati ya randa na kopo la gundi, na wateja wake wamezunguka. Ilikuwa na mkia mzima. Alikuwa amechonga ile nusu ya kulia, akaibandika, akaipaka rangi ileile, na sehemu ya maungio huwezi kuiona. Ilikuwa nzuri kuliko nusu niliyoitengeneza mimi. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliacha kitanda cha mtu hakijaisha ili anifanyie hivyo. Aliponiona alicheka kwa furaha, akawaambia wateja wake, "Huyu ndiye mwenye ndege. Haongei, lakini kichwa kinafanya kazi. Alikwama kwenye mkia tu."

Wakacheka. Mzee mmoja aliyekuja kuchukua kiti chake akasema, sasa ndiyo imekuwa ndege.

Sijui kama utaniamini, lakini sikufikiri. Nilisema, "Baba Mdogo, hii si ndege yangu." Nikachukua ule msumeno wake mdogo wa meno laini, nikaushika mkia kwa vidole, nikakata. Kipande kikadondoka juu ya maranda. Baba Mdogo alikiokota, akakitia kwenye mfuko wa aproni anakoweka penseli, akaniambia taratibu, "Leo umeniaibisha kwenye benchi langu." Nikabeba ndege yangu nikaondoka. Sikurudi.

Hayo ndiyo yaliyokufikia Alhamisi.

Ijumaa niliipeleka shuleni ikiwa na nusu mkia. Mwalimu akaitazama, akanitazama, akaweka kwenye meza ya darasa letu daraja la vijiti lililotengenezwa na jirani yangu wa dawati. Ni daraja zuri, sina neno nalo. Mimi nikaiweka ndege kwenye kizingiti cha dirisha la korido, nikafungua kitabu kando yake, nikasimama. Mwalimu akaniambia naweza kurudi kukaa. Nikamwambia, "Hapa sijamzibia mtu njia, Mwalimu." Nadhani alishtuka zaidi kusikia sauti yangu kuliko maneno yenyewe. Akaniacha.

Walicheka, ndiyo. Walipita makundi kwa makundi wakiuliza nusu nyingine nimeiuza wapi. Nami, Shangazi, niliongea. Niliwaambia kila waliposimama: haijavunjika, itazameni kwanza. Mara nyingine sauti ilikwama, nikaanza upya. Mtoto mmoja wa darasa la chini aliinama hadi pua ikagusa plastiki, akauliza aliyekaa kiti cha nyuma alikuwa anaona nini. Nikamwambia, kila kitu. Akakaa hapo akitazama mpaka alipovutwa shati na wenzake.

Daraja la vijiti ndilo limekwenda. Ndege yangu imerudi nyumbani. Sijalia, na wala sitaki mtu aniambie kwamba mwakani nitabahatika. Mwakani nitaipeleka ikiwa hivihivi.

Lakini kuna jambo moja ambalo Alhamisi halikuwepo. Jana Baba Mdogo alikuja kumwona Baba. Alinipita kama anapita ukuta. Baba, kama kawaida yake, akakumbuka ghafla kwamba ana kitu cha kufanya nje. Ndege ilikuwa hapa mezani. Baba Mdogo akaizunguka. Kisha akainama, akafumba jicho moja kama anavyofanya akitazama ubao uliopinda, akachungulia kupitia chumba cha vioo kuanzia kwenye kile kiti cha nyuma. Akatoa kile kipande mfukoni, akakishikilia pale kilipokuwa. Akakiondoa. Akakirudisha. Akakiondoa tena.

Akasema, "Kwa hiyo huyu wa nyuma nilimpigia ukuta."

Nikasema ndiyo. Nikamwambia pia kwamba ilinipasa nimwite pembeni kabla ya kushika msumeno, na kwamba kwa hilo naomba radhi, lakini kwa kukata siombi. Nilimwambia uso kwa uso, Shangazi, ndiyo maana sikuona sababu ya kuyapitisha kwako kwanza. Halafu akasema, "Bado ni mbaya, hiyo ndege yako." Nikamwambia najua. Akasema, "Wateja wangu nitawaambia ndivyo ilivyo. Atakayecheka akanunue kitanda kwingine."

Akaninyooshea kipande. "Mpelekee dada yangu. Si ndiye hakimu?"

Basi kimo ndani ya bahasha hii, nimekizungushia pamba ili kisivunjike njiani. Kishike kwenye mwanga uone jinsi alivyokipunguza ukingo hadi ukawa mwembamba kama ukucha. Ni kazi safi ya mikono ya ndugu yako, na haistahili kutupwa. Weka kwenye kabati la vioo, au uwekee alama ukurasa unaposoma, au wape mapacha wagombanie. Ila kwenye ndege yangu hakirudi. Ukiona bado nina kosa, niandikie usiache kitu. Kwenye karatasi mimi si Kimya.

Mfikishie salamu Baba Mapacha, mapacha wote wawili kwa usawa ili wasipigane, na yule mpangaji wako anayecheka kabla hajamaliza kichekesho. Baba anakusalimu. Mama anakusalimu na anarudia habari ya dawa. Kidomo anasema umletee meno. Mungu akupe afya na goti lisilolalamika, na akufikishe huku ukiwa na nguvu za kuinama, kwa sababu ndege hii haionekani vizuri mpaka uiname.

Wako akupendaye, na asiyebadilisha neno,

Kimya